Aliyejichora Kitandani

Mchoraji wa ukuta wa soko la Homa Bay hatunaye tena. Habari zilinikuta kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, na Jumamosi tukamzika kwao Suna. Tangazo la redio lilisema aliugua kwa muda mfupi. Muda mfupi gani? Nilimwona akikonda mwaka mzima, na ninyi mliopita sokoni mlimwona pia. Nimekasirika, wasomaji wangu, na leo sitaificha hasira yangu.

Mnakumbuka jinsi mji ulivyopambwa. Wakubwa wa mji na makanisa walipatana, rangi ikagawiwa wachoraji waliozoea kuandika mabango ya bucha na vinyozi, na kwa majuma kadhaa tulikuwa na raha ambayo sijaiona tena. Watu waliacha shughuli zao kutazama kuta za zahanati zikijaa maua na za stendi zikijaa viboko na samaki wa ngege. Yeye alipewa ukuta mrefu wa soko, pamoja na mada ambayo wenzake waliikwepa: Ukimwi. Alikuwa na kawaida moja, hakuchora uso wa kubuni. Kila uliyemwona ukutani alikuwa mtu wa hapa hapa, aliyeketi mbele yake juu ya kreti ya soda. Muuguzi wa pale ukutani ni fundi cherehani mnayemjua. Kwa mgonjwa wa kitandani alimwomba mama mmoja wa Kisegi, muuza omena, mwembamba tangu kuzaliwa. Mama alikubali huku akicheka. Nani asingependa sura yake ibaki mjini?

Haukupita muda, wateja wakaanza kunong'ona kwamba mchoraji huyu huchora anachokiona, basi mama yule anao. Omena wake walikaa kwenye beseni bila mnunuzi. Nilikuwapo alipomwendea mchoraji, leso kaikaza kiunoni.

"Ndugu yangu, umeniua na bado niko hai," alimwambia. "Watu wananiona hapo kwa kitanda, hakuna mtu anataka samaki yangu. Watoto watakula nini? Yaye, futa hiyo kitu!"

"Mama, nikifuta tu watasema umekufa. Wacha niweke mtu mwingine."

"Nani atakubali?"

Mchoraji aliazima kioo kwa kinyozi wa jirani, akakiegemeza kwenye kreti, akaufunika uso wa mama kwa rangi na kuchora wake. Soko zima lilimcheka. Wateja wakarudi kwa mama, wachache kwa aibu, wengi bila aibu yoyote.

Alipoanza kudhoofika, kicheko kiligeuka kuwa hukumu. Wengine walisema ni chira, amevunja mwiko. Wengine, amejichuria mwenyewe kwa kujilaza ukutani. Nilikwenda kumwona, akaniambia alipimwa akakutwa nao kabla hata hajashika brashi ya kazi ile.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Omera, si nilisema? Nilichora ukuta mzima. Watu wakafikiri ni mchezo." Akakohoa, kisha akanishika mkono. "Siku nikienda, usiniandikie malaria."

Mazishini wasemaji walipokezana. Mmoja alisema homa, mwingine kifua, wa tatu akalaumu wivu wa watu. Ndipo mama wa Kisegi aliposimama bila kuitwa. "Huyu mtu alilala kwa kitanda yangu ndio watoto wangu wakule," alisema. "Alikuwa mgonjwa kweli, na alijua. Nyinyi mnaogopa nini? Jina?" Kabla hajaendelea, kiongozi wa kwaya alianzisha wimbo, na waombolezaji wakauimba kwa sauti ambayo hawakuwa nayo asubuhi. Mama alibaki amesimama mpaka ukaisha.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini waliyemlenga ni mgonjwa. Huyu hakuficha chochote. Sisi wazima ndio tuliomfichia, tukiita kuficha huko heshima, na heshima hiyo ndiyo inayowafungia wagonjwa wetu milango kuanzia Suna hadi Lambwe, wafe wakidhani wako peke yao. Rafiki yangu alikufa kwa Ukimwi. Aliye na mgonjwa chumbani na aingie leo, aketi karibu naye, autaje ugonjwa wake kwa jina, mgonjwa mwenyewe angali anasikia.