Neno la Siri la Marehemu

Rafiki yangu alikuwa na wiki tatu kaburini wakati daktari mkuu wa kliniki moja ya binafsi kule Kamenge aliponipigia simu. Rafiki huyo ndiye aliyekuwa akitunza mashine zao. Tulisoma ufundi dawati moja, na kwa miaka tukapeana kazi na vifaa. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne tu akaenda. Mimi nilikuwa Gitega kikazi, nikajiambia nitatoa pole nikirudi. Niliporudi niliona aibu kwamba nimechelewa, na aibu hiyo ikanichelewesha zaidi.

"Fundi, seva imekataa," daktari alisema. "Wagonjwa wako hapa, hatuone faili ya mutu hata moja."

Umeme ulikuwa umekatika usiku, ukarudi kwa kishindo. Niliikuta seva, kompyuta iliyotunza faili zao zote, imewaka, feni zinavuma, skrini nyeusi. Nilipohamishia waya wa skrini kwenye tundu la ubao wenyewe, ule mkuu unaounganisha viungo vyote vya mashine, picha ikatokea, na mashine ikadai tuko mwaka mwingine kabisa, wa zamani. Ile betri ndogo ya mfano wa sarafu inayoutunzia ubao kumbukumbu ilikuwa imekufa. Ubao ulikuwa umesahau kwamba diski zake mbili hufanya kazi pamoja kama pacha. Dawa yake ilikuwa kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule mafundi tunaouita BIOS, na kuukumbusha.

Ukurasa huo unafunguka kwa kitufe kimoja, tena katika sekunde chache za mwanzo. Kibodi yao haikuwa na waya, na ubao haukuitambua mapema kiasi hicho. Niliazima ya waya kwa karani wa mapokezi. Mara ya nne nikafaulu kuwahi, lakini badala ya mipangilio kikaja kisanduku kinachouliza neno la siri. Ubao uliosahau mwaka haukusahau hilo.

Nilijaribu jina la kliniki, nikajaribu jina la mtoto wa kwanza wa marehemu. Kila baada ya makosa matatu mashine ilijifunga, nikalazimika kuchomoa umeme na kusubiri iwake upya. Mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje alikaa mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, mkono ameuweka kifuani kama anayezuia kitu kisidondoke. Walikuwa wamemkata kipande kidogo cha nyama kwenye titi kikapimwe kama ni saratani. Jibu lilikuwa limefika, likaingizwa kwenye mashine, na alikuwa amekuja kulisikia.

Daktari alisimama nyuma yangu. "Ule mutu alikuwa anafunga kila kitu mu kichwa yake. Ameenda na funguo zetu."

Nilifungua kifuniko cha mashine. Nilijua kuna pini tatu kwenye ubao, na kofia ndogo ya plastiki ambayo ukiihamishia pini ya jirani, neno la siri linafutika. Lakini mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko ulikuwa umechanika, na pini za namna hiyo zilikuwa nyingi. Nyingine zingeweza kuuharibu ubao mzima. Nikatembea hadi Ngagara, kwa mjane wa rafiki yangu.

Alikuwa uani anaanua nguo. Aliniona, akaendelea kukunja shati moja mpaka akalimaliza.

"Shemeji. Sikukuona ku maziko."

"Nilikuwa Gitega."

"Na baadaye?"

Nilimpa pole, maneno yakatoka kama ya mtu anayesoma tangazo. Akanipa kiti, akakaa na yeye.

"Sasa umekuja kunisalimia, ao umekuja kutafuta kitu?"

Nilimwambia ukweli. Nilitamani anifukuze. Aliingia ndani akakaa kwa muda mrefu, akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Mot de passe mi sijui. Mambo yake ya kazi yote iko humu. Alikuwa ananiambia ile mashini itakufa siku moja, na watasema ni yeye."

Neno la siri halikuwemo. Lakini katikati ya daftari alikuwa amechora ubao wote kwa mkono, kila tundu na kila pini, na pini tatu za pembeni amezizungushia wino mwekundu. Kurasa mbili mbele nikakuta nakala za barua alizomwandikia daktari. Diski moja imekufa, alisema, na iliyobaki inabeba peke yake. Tafadhali inunuliwe nyingine. Barua zilikuwa mbili, na kati ya ya kwanza na ya pili ilipita miezi mitano.

Nilirudi Kamenge. Nilichomoa umeme, nikahamisha kofia pale palipozungushiwa wino, nikawasha, nikazima, nikairudisha. Nikabonyeza kitufe. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka bila kuuliza chochote.

Furaha yangu haikufika dakika moja. Niliporekebisha mpangilio, orodha ya diski ilisema ya kwanza haipo, na ya pili, iliyokuwa imebeba peke yake, ina hitilafu. Ule umeme wa usiku ulikuwa umeipiga. Kwa siku mbili nilichota nilichoweza. Faili za zamani zilipatikana. Za miezi ya karibuni zilikuwa zimevurugika, na jibu la yule mama lilikuwa humo.

Nilikuwepo muuguzi alipomweleza. Maabara ya nje iliyopima haikuwa imebakiza nakala ya jibu wala kile kipande.

"Munikate tena?" aliuliza. Kisha akanigeukia mimi niliyeshika bisibisi. "We fundi, huwezi kutafuta tena kidogo?"

Nilisema apana, mama, nimetafuta.

Jioni hiyo daktari alinifungia mlango wa ofisi yake. Alitaka ripoti kwa wenye kliniki. "Andika kama marehemu alifunga mashini vibaya. Haitamuumiza tena."

Daftari la bluu lilikuwa mkobani mwangu. Ningeweza kulitoa, nikaliweka mezani, nikafungua ukurasa wa barua. Nilikaa nikiitazama karatasi. Nilikuwa na kodi ya nyumba Musaga, na kliniki hii ilikuwa haina fundi. Mwishowe niliandika kwamba chanzo cha hitilafu ni umeme. Sikumtaja rafiki yangu kwa ubaya, na sikutaja barua zake. Daktari alisoma, akatabasamu kidogo, akaniuliza kama naweza kuwa napita kila wiki.

Yule mama alikatwa tena. Ninapita pale kila wiki, na sijawahi kuuliza jibu lake.

Siku ya kuganduka, familia ilipomaliza msiba, nilifika mapema kuliko wengi. Nilimrudishia mjane daftari. Alilifungua kwenye zile barua, akaonyesha kwa kidole.

"Uliwaonyesha?"

"Niliandika kwamba ni umeme."

"Umeme," alisema.

Alilifunga daftari, akaliweka chini ya mkono, akanijazia sahani ya wali na maharage kama alivyowajazia wageni wote, akaenda kwa aliyenifuata.