Ukaguzi Ulioishia Mlangoni

Veneranda alizaliwa Kitai, mahali ambapo mabasi ya Songea husimama kwa muda wa kununua ndizi kisha yakaondoka, na mama yake alikuwa mmoja wa wanawake waliokimbilia madirisha ya mabasi hayo wakiwa na sinia kichwani. Sinia hilo lilimsomesha. Alipata chuo cha ustawi wa jamii, akarudi Ruvuma akiwa afisa, akaolewa Kitura, milimani, na Henry, mtoto wa mwisho wa Mzee Augustino, katika ukoo wa wakulima wa kahawa ambao jina lao husomwa kila mara kanisani yanapotajwa matoleo makubwa.

Sehemu ya kazi yake ilikuwa kukagua makao: ya watoto, ya walemavu, ya wazee. Waliofanya naye kazi walimjua kuwa ni mtu asiyeamini neno "safi" mpaka anuse. Katika makao fulani ya watoto aliwahi kuvua viatu na kujilaza juu ya godoro ili ajue chaga zinamchoma mtoto wapi. Katika makao ya wazee alifunua shuka akatazama visigino, nyonga na mgongo, kwa sababu mtu asiyeweza kujigeuza huanza kuoza pale anapolalia, na kidonda cha namna hiyo hakionekani kwa mgeni anayesimama mlangoni.

Kulikuwa na chumba kimoja tu katika wilaya ambacho Veneranda hakukikagua. Kilikuwa upande wa wanaume wa makao yaitwayo Nuru ya Ziwa, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, na alilala humo baba mkwe wake.

Mzee Augustino alipooza upande mmoja akiwa shambani kwake. Wanawe watatu, Stanslaus, Placidi na Henry, walimuuguza nyumbani kwa msimu mmoja, yaani wake zao walipika na dada yao akamwosha. Dada alipoolewa mbali, wana walikaa kikao wakaamua apelekwe ziwani. Kanisani walisema mzee amekwenda kupunga upepo. Kwa watu wetu kumweka mzazi makaoni ni aibu, na dawa tuliyoigundua kwa aibu hiyo ni kutolitaja neno "makao". Tukishaliacha kulitaja, tunalala vizuri.

Veneranda naye hakulitaja. Utaratibu ulimtaka amweleze mkuu wake kwamba ana ndugu ndani ya makao anayoyakagua, apangiwe mtu mwingine. Lakini kumweleza mkuu ni kukiri ofisini, mbele ya makatibu na madereva, kwamba wakwe zake wa Kitura, wenye kahawa na nyumba ya matofali, wameshindwa na baba yao. Kwa hiyo alinyamaza, na upande wa wanaume akamwachia Joakim, afisa afya aliyesafiri naye, ambaye peke yake kazini aliujua undugu huo. Alikuwa na sababu ambayo hakuna aliyeweza kuihoji. Mkamwana haingii chumba anacholala mkwewe. Hamwoni akiwa amejilaza, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani humpisha na kuinamisha macho. Heshima hiyo ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni juu ya kazi tuliyoipa.

Walifika siku ya joto kali, msimu wa kuchuma kahawa huko juu. Wazee walikuwa wamepangwa uani kwenye mabenchi, wamevaa nguo za Jumapili, na mabinti wawili wahudumu, Vitalia na Edina, waliwaongoza kuimba wimbo wa kuwakaribisha wageni. Mwalimu Wendelin, mstaafu aliyeanzisha makao hayo, alisimama pembeni akipiga makofi. Veneranda alitafuta kwa macho kwenye benchi la wanaume, hakumwona mkwewe.

"Baba anapumzika," Mwalimu Wendelin alisema kabla hajaulizwa. "Joto la leo limemzidi. Mnajua watu wa milimani."

Veneranda alikagua jiko, kisima, vyoo na upande wa wanawake, akafunua shuka kama desturi yake, na wanawake walikuwa wakavu na wazima. Alipotoka alimkuta Joakim amekwisha maliza.

"Vipi kule?"

"Safi. Mtungi wa kuzimia moto upo na haujaisha muda. Madirisha yanafunguka. Nimewasalimia wazee walio ndani, wameitika."

"Na baba?"

"Ameitika marahaba. Sauti ndogo, lakini ameitika."

"Umemtazama mgongo?"

Joakim alicheka. "Dada Venera, mimi nimfunue shuka baba wa watu? Tena mkwe wako? Nikipata laana, utakuja kunikagua na mimi."

Veneranda angecheka naye, kwa sababu Joakim ni mcheshi na safari za barabara ile ni ndefu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye dirisha la mwisho. Nzi walikuwa wameganda juu ya wavu wake, kwa nje, wanatafuta pa kuingilia. Hewa ilinuka usipa, dagaa wa ziwa lile, walioanikwa mchangani, na kila mgeni aliyefika pale aliridhika kwamba harufu yote ni ya usipa.

"Mwalimu," alisema, "wanaume wasiojiweza nani anawageuza?"

"Victor."

"Victor yuko wapi?"

"Victor aliacha kazi. Alisikia wanaajiri kwenye makaa ya mawe."

"Lini?"

Mwalimu Wendelin alishusha sauti. "Mvua zilipoanza."

"Sasa hivi watu wanachuma kahawa, Mwalimu. Nani anawageuza?"

Mwalimu aliwatazama mabinti wake wawili, kisha akatazama chini. Aliyejibu ni Vitalia, kwa adabu kabisa, mikono nyuma. "Sisi tunawapelekea uji, mama. Tunauweka mlangoni, wanaojiweza wanawalisha wenzao. Wale ni baba zetu. Tungewavuaje nguo?"

Hapo palikuwa na mkuu wa makao aliyeona aibu kuwaagiza mabinti, mabinti walioona aibu kuwavua wazee, na afisa afya aliyeona aibu kufunua shuka. Na Veneranda, mwenye cheo kuliko wote, alikuwa mkamwana. Alizihesabu aibu hizo moyoni akaona kwamba zote ni moja na yake ndiyo mama yao. Alianza kutembea kuelekea upande wa wanaume.

Bibi Gertruda, mkazi wa siku nyingi aliyejua ukoo wa kila mtu, alimwita kutoka benchini. "Wewe mkamwana wa watu, unakwenda wapi? Huko kuna mkweo."

"Najua, bibi."

"Basi unajua, na miguu bado inakwenda." Akawageukia wenzake. "Elimu hiyo. Kesho atamwogesha kabisa." Benchi zima likacheka.

Ndani palikuwa na giza la mchana. Kitanda cha mwisho kilikuwa ukutani.

"Nani huyo?"

"Shikamoo, baba. Ni mimi, mama Rosemary."

"Marahaba. Umekosea mlango, mama."

"Sijakosea, baba. Nimekuja kazini."

"Henry amekuja?"

"Hakuja."

"Stanslaus?"

"Hapana, baba."

Mzee alivuta pumzi kwa shida. "Mimi sijavaa vizuri."

"Naomba ruhusa yako nikutazame mgongo. Ukikataa nitatoka, nitamtafuta mwanamume, lakini leo lazima utazamwe."

Kwa mkono wake mmoja mzima, mzee alichukua kofia yake ya sufu iliyokuwa kwenye mto akajifunika uso. Hakutaka kuona akionwa. "Fanya haraka," alisema kutoka chini ya kofia.

Veneranda alifunua. Juu kidogo ya makalio nyama ilikuwa imeliwa, shimo ambalo ngumi ingeweza kuingia, na katikati yake palikuwa na weupe wa mfupa. Shuka lilikuwa limeganda kwenye kingo. Alikuwa ameona vidonda vya kulalia katika kazi yake, lakini hivyo alivigundua yeye. Hiki kilikuwa kimemsubiri, safari moja baada ya nyingine, huku yeye akinywa chai ya Mwalimu Wendelin hatua chache kutoka hapo.

Gari la halmashauri lilimpandisha mzee hospitali jioni hiyo. Veneranda aliandika taarifa yake bila kuficha undugu wala kwamba chumba kile hakikuwa kimekaguliwa ipasavyo. Mkuu wake alimpa onyo, na alistahili. Makao yalizuiwa kupokea mtu mpya hadi yapate wahudumu wa kiume, na wanaume wengine wawili walikutwa na vidonda. Ndugu walipigiwa simu waje. Wengine walikuja wakiwa wameinamisha vichwa, wengine mpaka leo hawajapokea.

Mzee Augustino alikaa hospitali mpaka homa ikaisha, kisha akarudishwa Kitura. Daktari alisema kidonda kinaweza kupona iwapo kitaoshwa kila siku na mgonjwa akageuzwa. Kikiachwa, mzee hatamaliza mwaka.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, ukoo uliitisha kikao sebuleni. Veneranda alidhani kinahusu zamu za kumhudumia. Stanslaus, kaka mkubwa, alikifungua.

"Hatukukaa hapa kuzungumza kidonda. Kidonda ni ugonjwa, na ugonjwa haumchagui mtu. Tumekaa kwa sababu habari imetufikia kutoka ziwani kwamba mkamwana wa nyumba hii aliingia chumbani kwa baba akamfunua. Watu wanaizungumza hadi mnadani. Desturi inajulikana. Ni mbuzi."

Henry alitazama viatu vyake. Placidi alitikisa kichwa kukubali.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nami naiandika ilivyo. Mtu aliachwa aoze akiwa hai, na hakuna aliyetozwa hata yai. Aliyetozwa ni yule aliyemwona.

"Mbuzi nitamtoa," Veneranda alisema. "Sibishani na desturi. Lakini bandeji ya baba inabadilishwa leo. Nani anaingia?"

"Aitwe nesi wa zahanati," alisema Stanslaus.

"Leo Jumapili, shemeji. Zahanati imefungwa."

Placidi alikohoa. "Wewe si umeshamwona? Ingia tu. Mbuzi ni yule yule."

Watu walicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha, kwa sababu kati ya sebule na chumba cha mzee pana ukuta wa mbao tu na wote walimsikia akijisogeza kitandani. Alikuwa macho. Alikuwa amesikia tangu mwanzo.

Kalista, dada wa mzee, aliyekuwa amekaa mkekani, alisema bila kumtazama mtu, "Kaka yangu alizaa wanaume watatu. Nilipiga vigelegele mara tatu."

Henry alisimama. Alikwenda jikoni akarudi na beseni, akasimama nalo katikati ya sebule kama mtu asiyejua limeumbiwa nini.

"Maji yaliyochemka na kupoa, yako kwenye thermosi ya bluu," Veneranda alimwambia. "Chumvi iko pembeni. Glovu ziko kwenye mfuko."

Henry aliingia. Veneranda alisimama nje ya mlango, mgongo wake ukiwa umeelekea chumbani.

"Shikamoo, baba," sauti ya Henry ilisema.

"Marahaba."

"Mgeuze alale kwa ubavu mzima," alisema Veneranda. "Lowesha kwanza bandeji ndipo uitoe. Usivute."

Maji yalidondoka ndani ya beseni. Kisha yakanyamaza.

"Mama Rosemary," Henry aliita.

"Naam."

"Kumbe ni hivi."

"Ndivyo. Anzia katikati, uje nje. Usisugue."

"Nitamuumiza."

"Utamuumiza. Endelea."

Mzee alitoa mlio mmoja mfupi, akaunyamazisha mwenyewe. Halafu alisema, kwa sauti iliyofika sebuleni bila kupandishwa, "Peke yake hawezi kunishika. Mwiteni na Stanslaus."

Stanslaus alivua koti la kikao akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Alipita mbele ya Veneranda bila kumtazama, akaingia akiwa ameinama, ingawa mlango ule ni mrefu kuliko yeye.