Mpiga Taipu wa Marehemu

Wanaosema huko Kibuye kwamba yule mpiga taipu alikuwa hawara wa marehemu mume wangu wanakosea. Mwaka wa 1986 alikuja kwetu kila Jumamosi kuchapa karatasi za siri za kuipinga serikali, mashine ikiwa juu ya blanketi langu ili majirani wasisikie. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa kaboni. Mwenzao wa kundi lake na mume wangu akikamatwa na wengine wakilia, yeye alibadilisha karatasi tu. "Hasira inatosha, Mama. Machozi tuwaachie matajiri." Siku tuliyomzika mume wangu aliingia langoni akipiga nduru kunishinda mimi mjane. Watu wakageuka kunitazama. Nilimketisha kando yangu, nikampa leso yangu. Aliyoninong'oneza hapo hayamhusu mtu.