Redio ya Gari ya Imbuga Inakohoa

Watu wangu, mimi leo naogopa hii gari iko hapa nje.

Mjukuu wangu Imbuga aliinunua kwa mtu juzi. Ni sawa kabisa na ya jirani yetu hapa Shieywe, mpaka redio na spika. Kesho anataka kupeleka mke wake na mtoto huko Mautuma.

Leo yeye na jirani wakaweka wimbo mmoja kwa gari zote mbili.

Ya jirani ikaimba vizuri.

Ya Imbuga ikakohoa.

Nikasema, "Fungueni huo mlango muone ndani."

"Kukhu, wewe na redio wapi na wapi?" Wakanicheka mimi nyanya yao.

Na mimi najua! Miaka ile ya uhuru marehemu mzee wangu aliendeshanga gari ya shamba huko Lugari, nayo ilikuwa na redio. (Tulikaanga ndani yake kusikiliza habari mpaka obusuma, ugali wetu, inaungua jikoni.) Mvua ikaingia mlangoni, sauti ikaharibika hivi hivi. Hata isukuti, ngozi ikiwa nzuri na mti umeoza, hiyo ngoma hailii.

Mwishowe Imbuga akaita fundi, naye akabandua mlango kwa ndani. Spika imevimba. Chini kuna matope makavu, na alama ya maji imepanda karibu na kioo.



Fundi akasema, "Mama, hii ilizama mtoni. Wakaiosha, wakaiuza."

Ufunguo niko nao mimi. Kesho hakuna mtu anapanda.

Lakini niambieni, wale walikuwa ndani siku hiyo, walitoka?