Fukusi wa Kagoma

Mtego wa fukusi hutengenezwa kwa mgomba wenyewe. Unakata kipande cha shina lililokwisha kuvunwa, unakipasua katikati na kukilaza kifudifudi karibu na mgomba ulio hai. Siku tatu baadaye unakifunua. Chini yake kuna ute mweusi unaonuka kama pombe iliyochacha ndani ya kiatu, na ndani ya ute huo wamo fukusi, wadudu weusi wenye pua ndefu, ambao ukiwagusa hujifanya wamekufa. Kazi yangu ilikuwa kuwaokota kwa vidole, kuwahesabu na kuandika.

Niliifanya kazi hiyo enzi za Waingereza, katika kituo kidogo cha utafiti upande wa Bukoba. Nilikuwa nimeoa karibuni. Nilikuwa nimesoma kwa Walutheri na mwandiko wangu ulisifiwa, nami nikadhani utafiti ni kazi ya mezani. Fukusi nilijikaza nikawavumilia. Funza wao walinishinda. Ukipasua tunguu la mgomba, lile shina nene lililo ardhini, unawakuta humo, weupe, wanene, wamejikunja katika mashimo waliyoyatafuna, na ukimbinya mmoja kwa bahati mbaya, maji yake yanakurukia usoni. Nilijisugua kwa majivu kila jioni. Hata hivyo mke wangu alianza kunipakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye jani la peke yangu.

“Sikukatazi kula,” alisema, “ila vidole hivyo usivitie kwenye chakula cha wote.”

Mkubwa wangu alikuwa Mzungu mwembamba, bingwa wa wadudu, mwenye Kiswahili cha vitabuni. Vibanja vya kupima, yaani mashamba ya migomba ya watu, alivichagua kwa kuokota namba ndani ya mkebe wa tumbaku, ili sisi tusijichagulie vilivyo karibu na barabara. Ndivyo nilivyoangukia Kagoma, upande wa Muleba, kwenye kibanja cha mjane mmoja Mkatoliki, mwanamke wa makamo ambaye rozari haikumtoka shingoni. Nilimweleza kwamba nitaweka mitego sitini na kuja kuifunua mara tatu.

“Karibu, waitu,” alisema kwa adabu ya Kihaya. “Kuku wangu wanaifanya kazi hiyo bila daftari.”

Mara mbili za kwanza nilihesabu kwa haki. Mara ya tatu mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilifunua mitego kumi na mmoja. Chini ya wa kumi na mbili nilipeleka mkono bila kutazama, vidole vikazama katika kitu laini. Alikuwa chura aliyekufa siku nyingi, amejaa mabuu, na ngozi yake ikanasa kwenye kiganja changu. Nilitapika hapo hapo juu ya migomba ya watu. Kisha nikanyoosha mkono kwenye mvua, nikausugua mpaka ukawasha, nikaenda kukaa ukumbini mwa mjane na kufungua daftari.

Mitego arobaini na tisa iliyobaki niliijaza pale. Nne, tatu, tano, nne, tatu. Niliepuka sifuri, maana sifuri ilionekana kama uvivu; niliepuka namba kubwa, maana ilionekana kama uongo.

Mjane alitoka ndani na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, akanikaribisha. “Leo umemaliza upesi,” alisema.

“Nimezoea, Ma.”

Nikatafuna kahawa yake. Ukurasa huo niliupeleka kwa mkubwa wangu, na nakala, kama ilivyokuwa kawaida, ikaenda kwa wasimamizi wa kilimo wa huko.

Wiki mbili baadaye mkubwa aliniita. Alikuwa ameziweka kurasa zangu tatu mezani, sambamba.

“Hapa umeandika sifuri, sifuri, thelathini na moja, sifuri, mbili,” alisema akigusa ule wa kwanza. “Ni sawa. Fukusi hukaa kwa makundi, kama watu kwenye pombe. Lakini siku ya tatu wametawanyika, kila mgomba na wake wachache. Nani aliwagawa?”

Nilimtajia mvua.

“Ulifunua mitego mingapi?”

“Kumi na mmoja, Bwana.”

Hakufoka. Alinirudishia ukurasa, akatoa leso, akafuta ncha za vidole. Ingekuwa nafuu kama angenipiga. “Rudi ukahesabu,” alisema.

Nilifika Kagoma kwa baiskeli siku ya pili, nikakuta upande wa juu wa kibanja uko wazi, jua linapiga ardhini. Nakala yangu ilikuwa imenitangulia. Kwa kuwa ilionyesha fukusi wameenea kila mahali, wasimamizi waliamuru kibanja chote king'olewe, na watu wenye mapanga walikuwa wameanza juu siku mbili kabla. Fukusi wote walikuwa upande wa chini, karibu na mahali pa kukamulia ndizi za pombe. Kurasa zangu mbili za kweli zilisema hivyo waziwazi.

Nilipasua tunguu moja kati ya yaliyong'olewa. Lilikuwa safi, jeupe kama muhogo. Nikapasua la pili, la tatu, hadi saba. Hakuna hata shimo moja. Katika uozo wote niliowahi kutia mkono, hakuna kilichonichefua kama usafi ule.

Mjane alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Ma,” nilimwambia, “namba zilizoleta mapanga haya ni zangu. Sikuhesabu. Nilizitunga pale ukumbini mwako.”

“Siku ile niliyokupa kahawa?”

“Siku ile.”

Alinitazama mikono, si uso. “Nitokee machoni kabla sijatapika,” alisema.

Sikuondoka Kagoma. Nilishuka chini, nikatega, nikalala kwa jamaa siku tatu, nikahesabu mitego yote bila kuacha hata mmoja. Mkubwa aliandika barua, kung'oa kukasimamishwa. Nusu ya kibanja ilipona. Kwenye jedwali lake akaifuta kwa mstari safu ya Kagoma na kazi ikaendelea.

Msimu wa kupanda nilifunga machipukizi tisa, kila moja na tunguu lake, kutoka kibanja cha mama yangu nyuma ya baiskeli, nikampelekea mjane. Hakunikaribisha ndani. Alileta kisu, akaketi uani, akaanza kumenya kila tunguu mbele yangu. La kwanza lilikuwa safi, na la pili. Katika la tatu alimkuta funza. Alimtoa kwa ncha ya kisu, akamweka juu ya jani, akalisukuma mpaka miguuni pangu.

“Hesabu,” alisema.

“Mmoja, Ma.”

Tunguu lile alilitupa motoni. Manane yaliyobaki aliyapanda mwenyewe, akakataa nimchimbie hata shimo moja.