Boma Letu la Kwenye Kompyuta

Mkurugenzi wetu alirudi kutoka semina ya siku tatu Nairobi akiwa amebadilika. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kawaida, analalamika juu ya stima na mafuta ya gari kama sisi wote. Asubuhi hiyo aliingia ofisini kwetu Kajiado, akaketi juu ya meza yangu bila kuondoa karatasi, akaniambia tumepewa shamba.

"Shamba liko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mtandao."

Shirika letu lilikuwa dogo, watu watano na gari moja bovu. Tulisaidia vikundi vya akina mama wa Kimaasai kuchimba mabwawa ya maji na kutafuta soko la shanga. Mimi nilikuwa mzaliwa wa Kakamega, mpangaji wa Kitengela, mwalimu wa shule ya msingi aliyeiacha chaki. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wafadhili barua na ripoti. Kwa hiyo shamba hilo likawa langu.

Wafadhili wetu, watu wa Ulaya, walikuwa wamegundua dunia ya kompyuta ambayo wakati ule ilikuwa ikisifiwa kila mahali. Ulijiandikisha, ukapewa mtu wako wa kuonekana kwenye skrini, ukamtembeza kwa vidole. Ukiandika neno, watu wengine walioko nchi zao wanalisoma papo hapo na kukujibu. Humo walikuwa wamejenga boma la Kimaasai, ili watu wa kwao waje kulizuru, wakutane na sisi na waijue kazi yetu. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni nilitakiwa kuwa pale, nikiwakaribisha wageni.

"Na mtandao wa hapa?" Barua pepe yenye picha moja ilitumia asubuhi nzima kutoka ofisini kwetu.

"Utatafuta saiba Kitengela," akasema, kama mtu anayenituma sukari.

Nilizunguka saiba nne, vyumba vya kukodisha kompyuta na mtandao. Katika tatu, mashine ziliganda nilipojaribu tu kufungua ile dunia. Ya nne ilikuwa ya mama mmoja aliyeshona sare za shule katika chumba hicho hicho, cherehani upande huu, kompyuta upande ule. Alikuwa na mashine moja mpya aliyoifunika kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la malori ya mawe. Alinikubalia niitumie, mradi nisile mahindi karibu nayo.

Jumamosi ya kwanza mtu wangu alitokea bila nywele. Jumamosi ya pili alikwama ndani ya ukuta, kichwa nje na miguu ndani, na wageni sita wakasimama wakinisubiri nitoke. Ya tatu nilibonyeza kitu nisichokijua, akaruka juu kama tiara na sikujua jinsi ya kumshusha. Mkurugenzi, ambaye hakuwahi kukanyaga saiba ile, alipiga simu kuuliza kama kuna ushirikiano mzuri na wageni. Nikamwambia nawaona vizuri sana kutoka huku juu.

Lakini kilichonichosha hasa ni boma lenyewe. Nilichapisha picha yake, nikampelekea mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mama wa makamo aliyekuwa na ng'ombe zake upande wa Kajiado na binti aliyeolewa Kitengela. Tukasalimiana kwa Kimaasai, yeye "Takwenya," mimi "Iko," kisha akaishika ile karatasi mbali na macho.

"Hii ni nyumba ya watu wa Mombasa," akasema.

Alikuwa sahihi. Walikuwa wameezeka kwa makuti. Katikati ya boma waliweka ngoma kubwa, ambayo Wamaasai hawana, na nje ya lango simba amelala kama paka.

"Nani alijenga?"

"Mzungu mmoja, kijana, fundi wa kompyuta."

"Mwanaume?" Akanirudishia karatasi. "Mwalimu, kwetu nyumba ni ya mama. Mama ndio anajenga. Waambie wanaume waache hiyo kazi."

Niliandika ujumbe wa heshima kwa wafadhili. Walijibu baada ya wiki mbili kwamba wageni wanaipenda ngoma. Niliandika tena. Simba akaondolewa, ngoma ikabaki. Mara ya tatu sikuandika kwa heshima.

Hapo mama mwenyekiti akaamua kuja mwenyewe. Alisema siku za Jumamosi huwa anamtembelea binti yake hata hivyo. Akaketi kando yangu saibani, kiti chake kikigusa cherehani, akawa anasema kwa Kiswahili nami nikiandika kwa Kiingereza. Nilitarajia atachoka baada ya nusu saa. Ni mimi niliyechoka. Aliwauliza wageni maswali mengi kuliko walivyomuuliza yeye. Kwenu mvua inanyesha mwezi gani? Una watoto? Nani amebaki na mama yako ukiwa hapa unacheza? Wengine waliondoka. Wachache wakaanza kurudi kila wiki kwa ajili yake, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa Uholanzi.

Huyu alikuwa mgonjwa, miaka mingi hatoki nyumbani, muda mwingi amelala. Alituambia kwamba katika ile dunia ndipo pekee anapotembea. Mama aliponiambia nimuulize ni ugonjwa gani niliona aibu, lakini niliandika, na yule mwanamke akaeleza kwa urefu, kana kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa pia hodari wa kutengeneza vitu humo, na wafadhili walikuwa wamemruhusu kujenga bomani. Ndani ya mwezi mmoja, kwa maelekezo ya mama, alibomoa makuti, akajenga nyumba za udongo na samadi zenye njia ya kuingilia iliyopinda, akatoa ngoma. Kisha akatengeneza ng'ombe. Mama alimtajia rangi moja baada ya nyingine, mwenye baka jeupe ubavuni, mwekundu mwenye pembe iliyoshuka, hadi ng'ombe zake zote zikawa zimesimama kwenye skrini ya Kitengela, nene na zinazong'aa. Alifurahi siku ile. Alimwita mwenye saiba aache kushona aje aone.

Halafu mvua ikakosa kunyesha. Ikakosa tena msimu uliofuata. Wenye nguvu walihamisha mifugo hadi kando ya barabara za Nairobi kutafuta majani. Waliobaki walikuwa wakiamka asubuhi kuinua ng'ombe, watu wanne kwa mmoja, wengine mkiani na wengine kifuani, kwa sababu akilala hawezi kusimama mwenyewe. Kwenye barabara ya Namanga mizoga ililala pande zote mbili. Nilipanda matatu kwenda kazini nikiwa nimefunga pua kwa leso.

Niliandika ripoti. Niliambatisha picha. Wafadhili wakajibu kwamba bajeti ya mwaka imekwisha kupangwa, ila wangependa Jumamosi hiyo tuwe na sherehe ndogo bomani, kwa sababu boma limetimiza mwaka. Mkurugenzi alinisomea ujumbe huo kwa sauti, akakuna kichwa. "Tufanye tu," akasema. "Tusiwakasirishe."

Mama mwenyekiti alikuja amechoka, viatu vyeupe kwa vumbi. Kwenye skrini walikuwa wageni kama thelathini, wamevaa vizuri, wanacheza muziki. Nyuma yao ng'ombe zake zilikuwa zikila majani ya kijani. Alizitazama zote. Kisha akanionyesha moja kwa kidole.

"Hiyo imekufa Jumanne. Na hiyo. Na ile ya pembe imekufa leo, nimeiacha ikitolewa ngozi. Mwambie aziondoe."

Niliandika. Msimamizi wa sherehe, mtu wa ofisi ya wafadhili, akajibu haraka kwamba si wakati mzuri, kwamba wageni wamekuja kufurahi. Nikamtafsiria mama. Hakupandisha sauti.

"Mimi sijakuja kufurahi. Hiyo ni ng'ombe yangu. Mwambie yule mgonjwa."

Nikamwandikia Mholanzi peke yake. Mwekundu mwenye pembe iliyoshuka akatoweka kwenye skrini. Kisha mwenye baka. Mama alikuwa akitaja, mimi naandika, zinatoweka, na mmoja mmoja wageni wakaacha kucheza. Mtu mmoja akauliza kuna nini. Nikaandika, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, bila kupamba, kile nilichokiona barabarani asubuhi ile. Mtu mwingine akauliza maji yako umbali gani. Mama akamjibu ni mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua la utosi, na punda pia wanakufa. Walikaa mpaka mwenye saiba akawasha taa. Zilibaki ng'ombe tatu.

Wafadhili walikasirika na kunitaka nieleze kwa maandishi. Nilieleza kwa mistari miwili. Lakini wale wageni waliwasumbua kwa barua, na baada ya wiki kadhaa yakaja malori ya nyasi na tangi la maji, mara mbili. Nyasi zilizikuta ng'ombe chache sana zikiwa hai. Bado nikikumbuka nahesabu wiki zile, na bado nakasirika. Mwaka mzima tuliwaonyesha wale watu mapambo, na kumbe walikuwa tayari kusikia ukweli tangu mwanzo.

Mvua ilirudi, kubwa, ikaharibu hata barabara. Jumamosi ya kwanza niliyoweza kufika saibani nilikuta kwenye skrini maandishi mafupi kwamba mahali ninapotafuta hapapo. Wafadhili walikuwa wamefunga mradi bila kutuambia. Mkurugenzi alisema sasa wanataka habari ya simu za mkononi.

Mama mwenyekiti alikuwa ameketi tayari, amefunga shuka mpya. Nikamweleza.

"Na yule mgonjwa," akauliza, "nani atamwambia mvua imenyesha?"

Nikafungua mdomo kumwambia nitamwandikia, ndipo nikagundua sina anwani yake. Sikujua hata jina lake la kweli. Nilikuwa na lile jina la kompyuta tu, ambalo sasa halikuwa na mahali pa kuitwa. Niliandika kwa ofisi ya wafadhili nikaomba wanisaidie. Walijibu kwamba hawatoi habari za watu. Niliandika mara nne.

Siku hizi mashirika yakinialika kuzungumza juu ya kukutana na watu kwenye mtandao, nawaambia pateni jina la kila mtu na anwani yake siku ya kwanza, mengine yote baadaye. Huandika kwenye madaftari, halafu mtu huinua mkono kuuliza kompyuta ya aina gani inafaa.