Kigae cha Kuchukulia Moto

Baba alifanya kazi kwenye reli ya Wajerumani pale Morogoro, na alimpiga mama mpaka siku tulipoondoka tukapanda milima ya Uluguru kwa miguu mpaka kwa bibi, mzaa mama. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwanamke anayerudi hurudi kwake, haombi hifadhi. Mimi sikulijua hilo. Niliamini mjomba angeweza kutufukuza wakati wowote.

Siku alipomaliza kutujengea nyumba, nilijikwaa nikavunja mtungi wa bibi. Nikakimbilia kwenye mahindi. Kwa baba, chombo kikivunjika aliyepigwa ni mama.

Mjomba alinifuata ameshika kipande kikubwa cha mtungi.

"Toka huko, mama yangu. Mahindi yenyewe hayakufiki kiunoni, unajificha nini?"

"Mjomba, utaturudisha kwa baba?"

"Niwarudishe kwa nani? Hapa ni kwa mama yako. Kesho patakuwa kwako, nami nitakuja kukuomba ndizi."

Bibi alicheka kutoka mlangoni. "Mpe hicho kigae! Nyumba mpya itapataje moto bila cha kuuchukulia?"

Siku zile moto hatukuuwasha upya. Tuliuchukua kwenye jiko la jirani, makaa yakilazwa juu ya majivu ndani ya kigae. Nikayabeba makaa ya bibi polepole, kwa mikono miwili, mpaka kwenye mafiga yetu. Mama akapuliza, moto ukashika. Tulikula magimbi, nami niliongea mdomo umejaa bila mtu kuninyamazisha.